Siku Kijana Samuel Alipousikia Muziki Wake

Askari yeyote aliyepata kusimama katika gwaride anajua jinsi mlio wa bendi unavyoweza kuinyosha miguu iliyochoka. Walakini ni wachache wanaomfikiria yule mtu aliyeketi peke yake na kalamu mkononi, akaziandika sauti zile katika karatasi kabla hazijapigwa na yeyote. Mtunzi huzisikia kwanza moyoni mwake tu. Hajui kwa yakini kama amefaulu au ameshindwa, mpaka ifike siku ambayo watu wengine watazichukua karatasi zake, washike vyombo vyao na kupiga kama alivyoandika.

Leo tunawaletea wasomaji wetu wa vikosi vya ulinzi na usalama maisha ya mtunzi mmoja mwenye damu ya Kiafrika, ambaye siku hiyo ilimfikia akiwa na umri wa miaka 18. Jina lake ni Samuel Coleridge-Taylor. Siku yenyewe ni tarehe 9 Oktoba 1893, na mahali ni ukumbi mdogo wa mji wa Croydon, kusini mwa London, nchini Uingereza.

KUZALIWA NA MALEZI

Samuel alizaliwa mjini London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Peter Hughes Taylor, alikuwa Mwafrika wa Sierra Leone aliyekwenda Uingereza kusomea udaktari, akahitimu. Mama yake, Alice Hare Martin, alikuwa msichana wa Kiingereza. Wawili hao hawakuwa wameoana, na daktari huyo alirudi Afrika Magharibi bila ya kumlea mwanawe. Baadaye alifanya kazi ya serikali ya kikoloni huko Gambia, kazi ya kuchunguza vifo vyenye mashaka, ambayo askari polisi wanaijua vizuri. Alifariki mwaka 1904.

Mtoto alilelewa Croydon na mama yake pamoja na babu yake, Benjamin Holmans, ambaye kazi yake ilikuwa kuwavika farasi viatu vya chuma. Hawakuwa watu wa mali. Hata hivyo mzee Holmans alikuwa akipiga fidla, na ndiye aliyempa mjukuu wake fidla ndogo na kumfundisha namna ya kuishika.

Inasimuliwa kwamba siku moja mwalimu wa muziki wa mji huo, Joseph Beckwith, alimwona mtoto mweusi mwenye nywele za kipilipili akicheza gololi njiani kwa mkono mmoja, ilhali mkono wa pili umeshikilia fidla asiyotaka kuiweka chini. Beckwith alimwita, akamjaribu, akamkuta ana kipaji. Alimfundisha kwa muda wa miaka saba.

Shuleni wenzake walimtania kwa rangi yake, wakamwita kwa jina la makaa ya mawe. Yeye hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa mwenye haya na maneno machache, na kwa tabia hiyo hiyo aliishi hadi mwisho wa maisha yake. Lakini aliposimama mbele ya watu na fidla yake, haya zile zilimwondoka.

KANALI ALIYEMFUNGULIA MLANGO

Katika kanisa la St. George's la Croydon palikuwa na mtu aliyesimamia waimbaji, Kanali Herbert Walters. Kanali huyo aliutambua uwezo wa kijana, akamchukua chini ya ulezi wake, na mwaka 1890 akampeleka katika Chuo cha Kifalme cha Muziki mjini London. Mkuu wa chuo alikuwa Sir George Grove. Yasemekana kwamba Grove alisita kidogo, akihofu jinsi wanafunzi wengine watakavyompokea kijana mweusi, lakini kipaji kilishinda wasiwasi huo. Samuel aliingia chuoni akiwa na miaka 15 kama mwanafunzi wa fidla.

Baada ya miaka miwili iligundulika kwamba ustadi wake mkubwa zaidi ulikuwa katika utunzi. Akawekwa chini ya mwalimu Charles Villiers Stanford, mtu mkali asiyesifu ovyo, ambaye alizoea kuwarudishia wanafunzi kazi zao waziandike upya. Mwaka 1893 Samuel alipata msaada wa masomo kwa ajili ya utunzi. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho katika miaka ile walikuwamo Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams, ambao nao baadaye walikuja kuwa watunzi mashuhuri wa Uingereza.

Haikuwa rahisi. Siku moja mwanafunzi mwenzake alimtukana kwa sababu ya rangi yake, na Stanford akasikia. Mwalimu huyo alimwita Samuel chumbani kwake, akamtuliza kwa kumwambia kwamba yeye alikuwa na muziki mwingi zaidi katika kidole chake kidogo kuliko aliokuwa nao yule mtukanaji katika mwili wake wote.

TAREHE 9 OKTOBA 1893

Kazi iliyopewa nambari ya kwanza katika orodha ya tungo zake ni ya vyombo vitano: piano, fidla mbili, viola na selo. Viola ni dada mkubwa wa fidla, mwenye sauti nzito kidogo. Selo ni kubwa zaidi, na mpigaji huiweka kati ya magoti yake akiwa ameketi. Muziki wa namna hii haukukusudiwa viwanja vya gwaride. Asili yake ni vyumbani, mbele ya wasikilizaji wachache, na kila sehemu hupigwa na mtu mmoja tu.

Yafaa tueleze ugumu wake. Katika bendi kubwa, ikiwa mpiga tarumbeta mmoja amekosea, wenzake watano wanaweza kumfunika. Tena mbele yao amesimama kiongozi mwenye fimbo, ambaye wote humtazama. Katika muziki wa watu watano hakuna kiongozi wa namna hiyo, na hakuna pa kujificha. Ni kama doria ya watu watano usiku: hakuna anayepaza amri, bali kila mmoja husikiliza nyayo za mwenzake, na kosa la mmoja ni hatari ya wote. Na kama mtunzi ameandika jambo lisilopigika, au amezirundika sauti hata moja ikaizima nyingine, dosari hiyo husikika mara moja kwa kila mtu aliyemo chumbani.

Kijana Samuel alikubali mtihani huo mapema. Katika tamasha lililofanyika Croydon kwa msaada wa wanafunzi wenzake wa chuo, alizileta kazi zake mwenyewe mbele ya watu wa mji uliomlea. Miongoni mwa kazi hizo ulikuwamo huo utungo wa vyombo vitano, wenye sehemu nne. Ya kwanza ni ya nguvu na mwendo. Ya pili ni ya taratibu, na humo selo huimba kwa upole. Ya tatu ni ya mbio na mchezo. Na ya nne ina mahali ambapo sauti moja huanza, nyingine ikaifuata kwa maneno yale yale, kisha ya tatu na ya nne, mpaka zote zinafukuzana bila ya kugongana. Mbinu hiyo ya mwisho hujaribiwa na mwanafunzi anayejiamini.

Hebu tuitazame hali yake siku ile. Mjukuu wa fundi wa viatu vya farasi, mtoto asiyemjua baba yake, kijana aliyeitwa makaa katika mitaa ile ile, sasa anazisikia fikra zake zikitoka katika mikono ya watu wengine. Alichokuwa amekisikia peke yake kikawa mali ya ukumbi mzima. Nota zilizokuwa kimya katika karatasi zilikuwa zimepata pumzi. Katika kumbi za mji wa Kizungu wa zama zile, ilikuwa nadra sana kuwakuta wasikilizaji wameketi kimya kusikiliza kazi ya mtu mweusi.

Wapo watunzi ambao, baada ya siku kama hiyo, hukaa wakiishangilia. Samuel alirudi mezani. Mwaka uliofuata, 1894, aliandika utungo wa vyombo tisa, nao ukapigwa chuoni. Mwaka 1895 Stanford, akizungumza juu ya utungo maarufu wa klarineti na vyombo vinne vya nyuzi wa Mjerumani Johannes Brahms, alisema kwamba hakuna mtu ambaye sasa angeweza kuandika kazi ya aina hiyo bila ya kumwiga Brahms. Samuel aliyachukua maneno hayo kama askari achukuavyo amri. Aliandika utungo wake wa klarineti na nyuzi, ukapigwa chuoni mwezi Julai mwaka huo, na mwalimu mkali akakiri kwamba mwanafunzi wake ameweza. Baadaye Stanford aliuchukua utungo huo hadi Berlin, ambako mpiga fidla mkuu wa zama hizo, Joseph Joachim, aliupiga pamoja na wenzake.

UMAARUFU NA BEI YAKE

Mwaka 1898 ulikuwa mwaka wake mkubwa. Mtunzi Edward Elgar, aliyekuwa ameombwa kuandika kazi kwa ajili ya tamasha la mji wa Gloucester na hakuwa na nafasi, aliwashauri wenye tamasha wampe kazi hiyo Coleridge-Taylor. Kazi ilipigwa mwezi Septemba na ikapokewa vizuri sana. Kisha tarehe 11 Novemba, katika chuo chake cha zamani, ulisikika kwa mara ya kwanza utungo wake wa waimbaji wengi na okestra juu ya karamu ya harusi ya Hiawatha, shujaa wa Wahindi Wekundu katika utenzi wa Mmarekani Longfellow. Mtunzi mashuhuri Sir Arthur Sullivan, ingawa alikuwa mgonjwa, alifika kuusikiliza. Katika muda mfupi utungo huo ulikuwa ukiimbwa kote Uingereza, na baadaye Marekani na nchi nyingine.

Hapa ndipo penye funzo chungu. Samuel alikuwa ameiuzia kampuni ya uchapishaji ya Novello haki zote za utungo huo kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15 tu. Mamia ya maelfu ya nakala yaliuzwa, na yeye hakuwa na fungu katika mauzo hayo. Hakudhulumiwa kwa mtutu wa bunduki. Alitia sahihi kwa hiari yake, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye shida ya fedha na hakujua kazi yake ingefika wapi. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye jina lake lilijulikana katika kila mji wenye waimbaji alilazimika kufundisha mchana, kuongoza vikundi vya waimbaji usiku, na kusafiri kwa magari ya moshi kwenda kuamua mashindano ya uimbaji, ili ailishe nyumba yake.

Nyumba hiyo aliianzisha mwishoni mwa mwaka 1899 alipomwoa Jessie Walmisley, msichana wa Kiingereza aliyesoma naye chuoni. Jamaa za bibi harusi walikuwa wameipinga ndoa hiyo kwa sababu ya rangi. Walijaliwa watoto wawili: mvulana aliyepewa jina la Hiawatha, na msichana aliyekuja kujulikana kama Avril, ambaye naye alikuwa mtunzi na kiongozi wa okestra. Binti huyo alisimulia baadaye kwamba walipokuwa wakitembea njiani na vijana wahuni wakatoa maneno ya dharau, baba yake hakuwajibu. Aliukaza tu mkono wa mwanawe, akaukaza hata karibu umwume.

MBELE YA BENDI YA JESHI

Samuel hakuikana asili yake. Mwezi Julai 1900 alishiriki katika Mkutano wa Waafrika uliofanyika London, mkutano uliowakusanya watu weusi kutoka Afrika, Amerika na visiwa vya Karibi, akiwamo W. E. B. Du Bois. Yeye alishughulikia upande wa muziki. Mwaka 1905 zilichapishwa nyimbo 24 za watu weusi alizozipanga kwa ajili ya piano, na dibaji yake iliandikwa na Booker T. Washington. Humo mna nyimbo za watumwa wa Amerika, na pia nyimbo za Afrika yenyewe, zikiwamo za Waronga wa pande za Delagoa Bay, nchini Msumbiji.

Heshima kubwa kuliko zote ilimngojea ng'ambo ya bahari. Mwaka 1901 watu weusi wa mji wa Washington waliunda chama cha waimbaji, wakakiita kwa jina lake, kabla hata hawajamwona uso kwa uso. Walimwalika, naye akafika mwezi Novemba 1904. Waimbaji walikuwa takriban 200, wote weusi. Okestra iliyowasindikiza ilitokana na bendi ya jeshi la Marine la Marekani, bendi ambayo kwa desturi humpigia Rais wa nchi.

Wasomaji wetu wanaovaa sare wataielewa maana ya jambo hilo. Katika mwaka ule jeshi la Marine halikumwandikisha mtu mweusi hata mmoja. Lilianza kuwapokea mwaka 1942. Lakini katika ukumbi ule wa Washington wanabendi Wazungu wa jeshi hilo waliketi na vyombo vyao, wakamtazama mtu mwembamba mweusi aliyesimama mbele yao na fimbo mkononi. Alipoinua mkono, walianza. Alipoushusha, walinyamaza. Utii wa muziki hauna rangi: aliyeandika wimbo ndiye ajuaye unakokwenda. Katika safari hiyo hiyo Rais Theodore Roosevelt alimpokea Ikulu. Alirudi Marekani tena mwaka 1906 na mwaka 1910.

MWISHO WA SAFARI

Kazi nyingi zilimchosha. Katika miaka yake ya mwisho aliandika utungo mkubwa wa fidla na okestra kwa ajili ya mpigaji wa Kimarekani, Bibi Maud Powell. Namna ya kwanza aliyoiandika haikumridhisha, akaiweka kando na kuandika upya, kama alivyofundishwa na Stanford. Bibi Powell aliupiga kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1912 katika mji wa Norfolk, jimbo la Connecticut, huku mtunzi akiwa Uingereza.

Tarehe 28 Agosti 1912, akiwa katika stesheni ya gari la moshi ya West Croydon, Samuel aliishiwa na nguvu akaanguka. Alifika nyumbani, lakini homa ya mapafu ilikuwa imekwisha kumshika. Alifariki tarehe 1 Septemba, akiwa na umri wa miaka 37. Utungo wake wa fidla ulipigwa London mwezi uliofuata, na yeye alikuwa amekwisha kuzikwa. Hivyo mtu aliyebahatika kuisikia kazi yake ya kwanza ikitolewa kwa wasikilizaji akiwa kijana wa miaka 18 hakujaliwa kuisikia kazi yake kubwa ya mwisho ikipigwa na okestra mbele ya watu.

Mwezi Novemba mwaka huo tamasha kubwa lilifanyika katika ukumbi wa Royal Albert Hall kwa ajili ya kuisaidia familia yake, na Mfalme George wa Tano akampa mjane wake pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Watu walianza kuulizana imekuwaje mjane wa mtunzi huyo ahitaji kusaidiwa, ilhali kazi ya mumewe inauzwa kila siku. Swali hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyowasukuma watunzi na wachapishaji wa Uingereza kuunda, mwaka 1914, chama cha kukusanya malipo kila muziki unapopigwa hadharani, ili mwenye jasho apate haki yake. Samuel mwenyewe hakufaidika nacho, lakini waliokuja nyuma yake walifaidika.

Kati ya mwaka 1924 na 1939 Hiawatha iliimbwa na kuigizwa karibu kila mwaka katika ukumbi ule wa Royal Albert Hall, mbele ya maelfu ya watu. Lakini ule utungo wa vyombo vitano uliopigwa Croydon ulisahauliwa kabisa. Karatasi zake zilikaa katika makabati ya maktaba kwa miaka mingi, bila ya mtu wa kuzigusa, mpaka wapenzi wa muziki walipozichambua tena na kuzisafisha. Mwaka 2007 kundi la Nash Ensemble la London lilitoa rekodi yake. Leo mtu yeyote aweza kuzisikia zile sauti zikifukuzana bila ya kugongana, kama alivyozisikia kijana Samuel tarehe 9 Oktoba 1893, katika mji uliokuwa umemwita makaa.